Kuitembea Kraków kwa Pesa ya Mwalimu

Swali ninaloulizwa zaidi, ofisini kwa walimu na hata kwenye daladala za Sabasaba hapa Dodoma, ni hili: kwa mshahara wetu huu, mtu anafikaje Ulaya na akifika anaishije? Kufika kuna gharama yake, na haikwepeki. Kuishi ndiko ninakotaka kukueleza, kwa sababu ndiko wengi wanakodhani hakuwezekani. Kraków, mji wa kusini mwa Poland, unampokea mtu mwenye pesa kidogo mradi akubali mambo mawili: kula wanakokula wanafunzi na wastaafu wa mji ule, na kutembea kwa miguu.

Mdogo wangu wa kiume anasoma huko. Nilikwenda kumwona likizo ya Juni kwa pesa ya upatu na akiba niliyoiweka taratibu, na kwa kuwa bweni lao halikuwa na nafasi ya kumlaza mgeni, nililala hosteli na kujitegemea. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, navaa hijabu, na ninafundisha Dodoma mjini. Nayataja haya kwa kuwa maelekezo mengi niliyoyasoma kabla ya safari hayakujibu maswali yangu: nguruwe nitamkwepaje, mwanamke peke yake alale wapi, na shilingi yetu inageuka kuwa nini kule.

Tuanze na shilingi. Poland imo kwenye Umoja wa Ulaya tangu 2004 lakini haitumii yuro. Pesa yake inaitwa złoty, tamka "zwoti", na złoty moja ina groszy 100. Mimi hupiga hesabu kwa shilingi 700 kila złoty moja. Kiwango cha kweli hupanda na kushuka hapo karibu, na ni heri hesabu ikubanie kidogo kuliko ikudanganye. Shilingi yenyewe usihangaike kuibeba, maduka ya kubadili fedha ya huko hayaichukui. Beba dola au yuro, noti safi zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Duka la kubadili fedha linaitwa kantor. Usibadili uwanja wa ndege zaidi ya nauli ya kuingilia mjini. Ukifika mjini, tazama ubao: kupno ni bei wanayonunulia, sprzedaż ni bei wanayouzia. Bei hizo mbili zikikaribiana, duka hilo ni la kuaminika. Zikiachana sana, ondoka uende la jirani. Ukitumia kadi kwenye ATM, mashine itakuuliza kama ikukate kwa pesa ya kwenu. Kataa. Chagua złoty kila mara, maana ukikubali, mwenye mashine ndiye anayekupangia kiwango.

Bajeti yangu ya siku ilikuwa złoty 150, yaani kama shilingi 105,000. Kitanda 70, chakula 50, tramu 10, na 20 zilizobaki ni za viingilio, choo na dharura. Nilikuwa na bahasha ndogo ndogo, kila moja imeandikwa siku yake, kama tunavyofanya na ada za watoto. Siku niliyotembea kwa miguu tu, pesa ya tramu ilihamia bahasha ya kesho. Usiicheke bahasha. Kadi inakuficha usione pesa inavyoondoka.

Kabla ya safari

Viza ni ya Schengen, yaani viza moja inayotumiwa na nchi nyingi za Ulaya. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, na utatakiwa bima ya safari inayofikia yuro 30,000. Anzia kwa kuuliza ubalozi wa Poland ulioko Dar es Salaam. Kama wewe ni mtumishi wa umma, kibali cha kusafiri nje kianze kushughulikiwa mapema kuliko kitu kingine chochote, na barua ya mwajiri inayosema utarudi kazini lini iwe kwenye mafaili yako. Pasipoti ni shilingi 150,000. Kutoka Dodoma kwenda Dar, treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 31,000, na inakuokolea usiku mzima wa basi na nyumba ya wageni. Tiketi ya ndege tafuta ya kwenda Warszawa, mji mkuu, kisha linganisha na ya kwenda Kraków moja kwa moja. Mara nyingi Warszawa ni rahisi, na treni kutoka pale hadi Kraków ni kama saa mbili na nusu kwa treni za haraka. Tiketi za treni hizo zikinunuliwa mapema hupungua bei.

Kuhusu nguo nitakaa kidogo, maana hapo watu hupoteza pesa bure. Mwezi Mei, Juni na Septemba sweta na koti jepesi la mvua vinatosha. Mtu aliyeuzoea upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hatashtuka sana. Desemba mpaka Februari ni habari nyingine, baridi hushuka chini ya sifuri na jua la Desemba linazama kabla hata ya saa kumi alasiri. Usinunue koti jipya dukani. Nenda mitumba ya Sabasaba asubuhi wanapofungua robota, tafuta koti lenye manyoya ya bata ndani au lenye bitana nene, kagua zipu mara mbili. Mengi yametoka huko huko Ulaya. Viatu usinunue vya urembo: barabara za mji wa kale ni za mawe, na soli nyembamba itakuumiza kisigino siku ya kwanza.

Na ukikosa koti Dodoma usijali, kwa sababu Kraków nako kuna mitumba. Maduka hayo wenyeji huyaita lumpeks, na mengi huuza nguo kwa kilo. Mzigo mpya huingia siku maalumu ya wiki, na kuanzia hapo bei ya kilo inashuka kila siku mpaka mzigo mwingine uje. Mlangoni utaona karatasi yenye siku na bei zake. Anayetaka kuchagua huenda siku ya kwanza, anayetaka rahisi huenda siku ya mwisho. Mimi nilikwenda ya mwisho nikapata sweta la sufu ambalo nalivaa hadi leo asubuhi za Juni nikienda gwaride la shule.

Beba pia adapta ya plagi, kwa kuwa soketi zao ni za pini mbili za mviringo. Kufuli dogo la kabati la hosteli. Kandambili za bafuni. Na chupa ya maji. Nyama na maziwa usibebe kabisa, hata kama mama amekaanga kuku mzima wa safari. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza abiria kuingiza vitu hivyo kutoka nchi kama yetu, na watavichukua.

Kulala

Kitanda kwenye chumba cha pamoja huwa kati ya złoty 50 na 100 kulingana na msimu. Tafuta hosteli yenye vitu vitatu: jiko la wageni, kabati la kufungia mizigo, na chumba cha wanawake watupu kama wewe ni mwanamke. Soma maoni ya waliolala pale na ukiona wanasifia sherehe za usiku, ruka. Iwe karibu na stesheni kuu, Kraków Główny, au mtaa wa Kazimierz, na hutahitaji tramu siku nyingi. Ukienda kati ya Julai na Septemba, uliza pia mabweni ya vyuo. Mwaka wa masomo wa Poland huanza Oktoba, kwa hiyo wakati huo wa kiangazi baadhi ya mabweni hukodisha vyumba kwa wapita njia.

Kutoka uwanja wa ndege wa Balice, ulio kama kilomita 11 magharibi mwa mji, kuna treni inayofika stesheni kuu kwa kama dakika 20, na kuna basi la mji ambalo ni rahisi zaidi ila linachelewa. Teksi iache. Jambo moja la tiketi: kuinunua hakutoshi, ni lazima uigonge kwenye kimashine kilicho ndani ya basi au tramu mara unapopanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi. Faini yake itakula bahasha ya siku nzima na kuzidi. Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana. Wape mama zetu maelezo hayo kabla hawajasafiri, kwa kuwa saa yetu ya Kiswahili na yao zinaweza kumkosesha mtu treni.

Kula

Hapa ndipo penye siri ya mji. Tafuta maandishi bar mleczny. Neno bar lisikutishe, hakuna pombe. Ni mgahawa wa bei nafuu ambao asili yake ni karne ya 19, wakati vyakula vya maziwa, unga na mayai vilipoanza kuuzwa kwa watu wa kipato kidogo. Zama za ujamaa ulienea nchi nzima. Hadi leo serikali huchangia gharama za migahawa hii, na mchango huo unahusu vyakula visivyo na nyama: vya maziwa, unga na mboga. Maana yake ni kwamba chakula cha bei ya chini kabisa kwenye ubao ndicho ambacho Mwislamu anaweza kukila bila wasiwasi mwingi. Nilipolielewa hilo, nusu ya mashaka yangu ya safari iliisha.

Utaratibu wake ni huu. Unaingia, unasoma ubao ukutani, na ubao ni wa Kipolandi mtupu. Unapanga foleni, unaagiza na kulipa kwa mama wa kaunta, unapewa risiti, unaisogeza kwenye dirisha la jiko, unasubiri waite. Ukimaliza unarudisha vyombo mwenyewe kwenye dirisha la pili. Hakuna mhudumu wala bakshishi. Mezani utakaa na mtu usiyemjua, na hilo si kosa. Migahawa mingi hufunga mapema jioni, kwa hiyo mlo mkubwa ule mchana, na usiku ule kidogo hosteli. Uliokuwa wangu ni Pod Temidą, mtaa wa Grodzka, ule unaotoka uwanja mkuu kwenda kasri. Grodzka ni mtaa wa watalii kweli, lakini ndani ya mgahawa ule utakuta wanafunzi na wazee wenye vikapu vya sokoni.

Agiza pierogi ruskie: maandazi laini ya kuchemshwa yaliyojazwa viazi na jibini nyeupe. Sahani ilinigharimu chini ya złoty 20 na sikuhitaji kula tena mpaka usiku. Lakini sema "bez skwarków", tamka "bez skfarkuf". Skwarki ni vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa ambavyo hunyunyizwa juu, na mpishi huvinyunyiza bila kuuliza. Pierogi z mięsem zina nyama, na nyama hiyo mara nyingi ni nguruwe, iache. Pierogi z jagodami zina matunda madogo ya zambarau ya porini na huliwa na malai, ni chakula cha kiangazi, ukiyakuta usiyapite. Naleśniki z serem ni chapati nyembamba za maji zenye jibini tamu. Placki ziemniaczane ni viazi vilivyoparuzwa na kukaangwa kama chapati ndogo. Supu ya żurek ni nzuri kwa anayekula nguruwe, maana ndani huwa na soseji nyeupe. Smalec ni mafuta ya nguruwe ya kupaka mkate, hata kama yanaonekana kama siagi. Wieprzowina ndiyo nguruwe yenyewe. Andika maneno hayo matatu, smalec, skwarki na wieprzowina, kwenye karatasi na uiweke kwenye pochi.

Kinywaji ni kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa, yanayouzwa kwa bei ndogo. Maji ya bomba ya Kraków ni salama kunywa, jaza chupa yako hosteli. Ukinunua ya dukani, utunze chupa: tangu Oktoba 2025 kila chupa ya plastiki yenye alama ya amana inakurudishia groszy 50 ukiipeleka dukani.

Asubuhi nilikula obwarzanek. Ni mkate wa duara wenye tundu katikati, unachovywa kwenye maji ya moto kabla ya kuokwa, unanyunyiziwa ufuta au chumvi, na unauzwa kwenye vitoroli vya kioo kila kona ya mji. Tangu 2010 jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya: mkate uliookwa kwingine hauruhusiwi kuuzwa kwa jina la obwarzanek krakowski. Nunua asubuhi, jioni unakuwa mgumu.

Dukani, Biedronka na Lidl ndizo za bei ya chini. Nilinunua mayai, nyanya, mchele na samaki wa kuvuta moshi aina ya makrela. Kwa aliyeikumbuka nyumbani, kuna unga wa mahindi, mąka kukurydziana, unaotoa ugali wa njano. Na kuna kasza jaglana, punje ndogo za njano, ndugu ya uwele wetu. Mdogo wangu huzisaga kwenye blenda akasonga ugali, na kwa mtu aliyelelewa na uwele unashika tumbo vizuri. Jumapili karibu zote maduka makubwa yamefungwa kwa sheria, isipokuwa Jumapili chache za mwaka. Nunua Jumamosi mchana, usisubiri.

Kutembea

Mji wa kale umezungukwa na bustani ya duara iitwayo Planty, kilomita 4 hivi, iliyopandwa mahali ulipokuwa ukuta wa mji kabla haujabomolewa mwanzoni mwa karne ya 19. Siku ya kwanza zunguka bustani hiyo yote. Haina kiingilio, ina mabenchi, na ukimaliza utakuwa umeujua mji kichwani bila ramani. Upande wa kaskazini umebaki mlango wa Florian na ngome ya mviringo, Barbakan, ya mwishoni mwa karne ya 15.

Ingia kwa mlango huo, fuata mtaa wa Floriańska, na utatokea Rynek Główny, uwanja wa soko uliopimwa mwaka 1257, kama mita 200 kila upande. Simama karibu na kanisa la Mtakatifu Maria saa inapotimia. Kutoka mnara mrefu hupigwa tarumbeta, mara nne, kila mara kuelekea pembe yake ya dunia, na wimbo hukatika ghafla katikati. Wenyeji husimulia kwamba Watatari walipouvamia mji mwaka 1241, mshale ulimpata mpiga tarumbeta kooni hapo hapo wimbo unapokatikia. Wapigaji wa leo ni askari wa zimamoto, na hupiga kila saa mchana na usiku. Hulipi kitu kusikiliza. Ukitazama dirishani watakupungia mkono, nami nilipungiwa.

Toka hapo uende ua wa Collegium Maius, jengo la kale la chuo kikuu kilichoanzishwa 1364, alikosoma mwanafalaki Copernicus. Kisha shuka Grodzka mpaka kilima cha Wawel. Vyumba vya kasri vina tiketi, na mimi sikuzinunua. Ua wake wa matao unaingia bure, na chini kando ya mto Wisła kuna sanamu ya joka linalotema moto wa kweli. Kwa Wakatoliki wanaosoma hapa: Karol Wojtyła alikuwa askofu mkuu wa mji huu kuanzia 1964 mpaka alipochaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo II mwaka 1978, huyu huyu aliyekuja Tanzania Septemba 1990. Jirani zangu wa Dodoma waliniagiza rozari na nilizipata kwenye vibanda vya makanisa kwa bei ndogo.

Makumbusho yana siku yake. Sheria ya Poland inaagiza makumbusho yawe na siku moja kwa wiki ya kuingia bure kwenye maonyesho ya kudumu. Siku hiyo hutofautiana, kwa hiyo ukifika tu, andika siku ya kila makumbusho unayoitaka na upange wiki yako kuifuata. Tiketi za bure nazo huisha, nenda asubuhi. Machimbo ya chumvi ya Wieliczka yanasifiwa na kila mtu, na yaliingia kwenye orodha ya kwanza kabisa ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1978 pamoja na mji wa kale wa Kraków, lakini tiketi yake inapita złoty 100. Kwa bajeti hii niliyaacha sikujuta. Sisi tuna michoro ya miambani ya Kolo, nayo imo kwenye orodha hiyo tangu 2006, na wangapi kati yetu wa Dodoma tumeifikia?

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kusini. Toka Wawel hadi Kazimierz, mji uliokuwa wa peke yake tangu 1335 na baadaye ukawa makazi ya Wayahudi kwa karne nyingi. Pitia mtaa wa Szeroka wenye masinagogi, kisha Plac Nowy, uwanja mdogo wenye jengo la mviringo katikati. Hapo huuzwa zapiekanka, mkate mrefu uliopasuliwa, ukawekwa uyoga na jibini na kuchomwa. Agiza ule wa uyoga na jibini tu. Mmoja unashibisha watu wawili. Endelea hadi mto, vuka daraja la miguu la Bernatek, na uko Podgórze. Hapa ndipo Wajerumani wa Nazi walipowafungia Wayahudi wa Kraków kuanzia Machi 1941 hadi Machi 1943. Kwenye uwanja wa Bohaterów Getta kuna viti vikubwa vya chuma, vitupu, vimepangwa kwa safu. Ukingoni mwa uwanja lipo duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi aliyebaki na duka lake ndani ya eneo lile na kuwasaidia waliofungiwa. Leo ni makumbusho. Usipite mahali hapa mbio. Kisha panda kilima cha Krakus, kilichojengwa kwa mikono ya watu zamani sana, uone mji mzima bila kulipa chochote. Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, na kuna nuru ya kutosha kurudi kwa miguu.

Kama una siku ya kutoka nje ya mji, nakusihi uende Oświęcim, kilomita kama 65 kwa basi, kwenye kambi ya mauaji ya Wanazi, Auschwitz. Watu kama milioni 1.1 waliuawa pale, wengi mno wakiwa Wayahudi, na pia Wapolandi, Waroma (jamii ya Ulaya iitwayo pia Wajipsi) na wafungwa wa Kisovieti. Kuingia bila mwongozaji ni bure ila lazima uweke nafasi mtandaoni mapema, kwenye tovuti ya kambi yenyewe, na nafasi za bure ni chache. Beba begi dogo sana, makubwa hayaruhusiwi. Usipange kitu kingine chochote siku hiyo.

Kuishi na watu

Watu watakutazama, hasa nje ya mji wa kale, zaidi ukiwa mweusi mwenye hijabu. Nilichokifanya ni kusalimu kwanza, kama tunavyosalimu tukiingia nyumba ya mtu. "Dzień dobry", tamka "jen dobri", ukiingia dukani, kwenye lifti, kwenye chumba cha hosteli. Nyuso nyingi zilifunguka. Wapolandi wengi wanaijua Zanzibar kwa kuwa huja likizo, na ukitaja Tanzania watakuuliza habari za bahari. Mimi niliwaambia habari za Kondoa.

Hili watu wa kwetu tunalisahau. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia walitoka kupitia Uajemi, na kuanzia 1942 maelfu yao, wengi wanawake na watoto, walipokelewa Afrika Mashariki. Kambi kubwa ya Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu kama 5,000, na makaburi yao yapo mpaka leo. Kambi ndogo zilikuwa Ifunda, Kidugala, Morogoro, na Kondoa. Siku moja pale mgahawani mzee aliyekaa meza yangu aliuliza ninatoka wapi. Mwanafunzi wa meza ya pili akatutafsiria. Nilipotaja Kondoa mzee hakuijua, lakini Tengeru aliijua, kwa kuwa shangazi yake alikulia huko. Tulikaa mpaka wakaanza kufuta meza. Akataka kulipia kompot yangu na nikamkubalia, maana mgeni akikataa anachopewa na mzee si adabu, kule wala huku.

Mambo madogo yaliyobaki. Vyoo vya umma hulipiwa kwa sarafu, na milangoni hakuna picha ya mtu wala herufi kila mara: duara ni wanawake, pembetatu ni wanaume. Barabara usivuke taa nyekundu hata kama hakuna gari linalokuja, polisi hutoza faini. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti, inachukua dakika chache kaunta. Namba ya dharura ni 112. Anayesoma Poland na hajafikisha miaka 26 asipande treni bila kitambulisho chake cha mwanafunzi, kwa sababu kinampunguzia nauli asilimia 51.

Siku ya kuondoka, noti zilizobaki zibadilishe mjini kabla ya kwenda Balice. Sarafu huku kwetu hazibadilishiki, kwa hiyo zihesabu usiku: toa nauli ya uwanja wa ndege, toa ya choo, na zilizobaki nunulia obwarzanki za ndege. Mkate wa ndani ya uwanja wa ndege bei yake ni mara kadhaa ya ule wa mjini.